Fisi Maji wa Neno Moja

Mosuke alipangiwa kufa Jumanne, kabla ya chakula cha mchana, ili wajumbe wa kamati wasichelewe kula.

Mosuke ni fisi maji, yule mnyama wa mtoni. Ana sharubu tano kila shavu, anavaa aproni yenye kiraka upande wa kushoto, na ndani ya gemu la video la kampuni yetu anaendesha nyumba ya wageni juu mlimani. Msafiri akichoka kupigana na mizimu ya msituni husukuma mlango, na Mosuke huinua kichwa kutoka kwenye bakuli analolifuta, akasema, "Umerudi." Basi. Halafu huendelea kufuta bakuli. Tangu gemu litoke hajawahi kusema neno la pili. Hata hilo moja lilirekodiwa na fundi mitambo wa kampuni, aliyekuwa na mafua siku hiyo, maana bajeti ya waigizaji ilikuwa imeliwa yote na mizimu.

Mimi ndiye mlinzi wake. Kwenye kadi yangu ya kazi cheo kimeandikwa kwa heshima zaidi, lakini kazi yenyewe ni hii: yeyote anayetaka kumweka Mosuke kwenye fulana, kikombe au pakiti ya kari huniletea mchoro, nami hushika kalamu nyekundu na kuhesabu sharubu. Nimewahi kurudisha shehena nzima ya miavuli kwa sababu kiraka kilihamia kulia. Mama yangu, huko Niigata, huwaambia majirani kwamba binti yake Chigusa ni mkaguzi. Hawamuulizi mkaguzi wa nini, naye hana haraka ya kueleza.

Sasa, kwetu mtu akiingia nyumbani husema "Nimerudi," na aliyemo ndani hujibu "Umerudi." Ni kama hodi na karibu: la kwanza likiachwa linaning'inia, nyumba nzima hukosa raha. Mimi naishi peke yangu Asagaya, chumba kimoja, dirisha linalotazama kiyoyozi cha mtu mwingine. Hakuna wa kunijibu. Kwa hiyo navua viatu, nasema "Nimerudi," nabonyeza kitufe, mlango wa Mosuke unafunguka, na fundi mwenye mafua ananipokea. Ndiyo, mwanamke mzima mwenye diploma. Cheka, ukimaliza uniambie wewe hupokewa na nani.

Niliyeamini anaijua siri hii ni jirani yangu tu, mzee Nezu, kwa sababu ukuta kati yetu umejengwa kwa mbao nyembamba na matumaini. Sauti ya gemu ikizidi, hugonga mara mbili. Tukikutana kwenye ngazi hatutaji habari za ukuta. Tunazungumzia takataka na siku za kuzitoa.

"Bi Orihara, chupa ni Alhamisi."

"Ndiyo, Bwana Nezu."

Huo ndio ujirani wetu, na kwa viwango vya Tokyo sisi ni ndugu wa damu.

Gemu lilipopata bahati ya kutengenezewa katuni, kampuni yetu ilifanya sherehe. Mimi nilikunywa bilauri mbili na kulia kidogo chooni kwa furaha. Nilidhani Mosuke angepata rangi nzuri zaidi na mwanga wa jioni dirishani. Kumbe angepata maisha ya nyuma.

Mwongozaji wa katuni, Bwana Kuremoto, ni mtu mwenye tuzo na skafu ya kiangazi. Mswada wa kipindi cha tisa aliutuma mwenyewe. Humo Mosuke alikuwa na mke aliyekufa, binti aliyepotea kwenye theluji, na filimbi. Fisi maji wa neno moja alipewa kurasa nne za maneno, akaeleza maana ya uzazi, maana ya msamaha, na kwa kifupi maana ya mto. Halafu akafa mikononi mwa msafiri, theluji ikianguka mwezi wa saba.

Yote hayo ningeyavumilia. Kilichoninyima usingizi ni mstari mmoja ambao bosi wangu, Bwana Iwasa, aliuongeza chini ya mswada: *Baada ya kipindi kurushwa, gemu litafuata katuni.* Maana yake Mosuke angeondolewa kaunta, ndani ya gemu la kila mtu, pamoja na langu. Na usinishauri nibaki na gemu la zamani. Gemu letu linakaa kwenye mitambo ya kampuni, na ukikataa toleo jipya halifunguki. Ningefika nyumbani, nivue viatu, niseme neno langu, na mlango ufunguke kwenye chumba kitupu.

Kwa hiyo Jumanne nilikwenda Ogikubo, kwenye studio ya Kuremoto, nikiwa na kalamu nyekundu na nia ya kupigana.

Kamati ya katuni ilikuwa na watu tisa, lakini waliokuwa na midomo ni watatu. Kuremoto. Bi Yasutomi wa kituo cha televisheni, mwanamke aliyevaa saa mbili, moja kila mkono, wala sikuthubutu kuuliza. Na Bwana Hachiya wa kampuni ya kari ya pakiti, ambaye uso wa Mosuke ulikuwa tayari umechapwa kwenye bidhaa zake, akitabasamu juu ya maneno *Pilipili Kiasi*.

"Kipindi cha tisa ni kipindi cha machozi," alianza Kuremoto. "Kila katuni nzuri ina kipindi cha machozi. Tukiuliza ni nani afe, jibu liko wazi. Anayependwa na asiye na kazi."

"Ana kazi," nilisema. "Anapokea watu."

"Ndiyo, Bi Orihara, na neno lake ni moja. Mtazamaji halii kwa neno moja. Mtazamaji anataka kumjua mtu. Alizaliwa wapi, alimpoteza nani. Ndipo moyo unafunguka."

"Mwongozaji, samahani, umewahi kulicheza gemu lenyewe?"

Akatabasamu kama mtu aliyeulizwa iwapo hufua soksi zake mwenyewe. "Nimesoma muhtasari."

Ukitaka kumuua nyani usimtazame usoni. Bwana huyu alikuwa ameishika kanuni hiyo mpaka kwenye fisi maji.

"Wachezaji wanampenda kwa ajili ya neno hilo hilo," nilisema. "Wapo wanaolia wakilisikia."

"Kina nani hao?"

"Watu."

"Watu gani?"

Ningesema nini? Kwamba watu hao wamekaa mbele yako, wako mmoja, na jana walilia wakiwa wamevaa soksi zenye tundu? Nikatazama karatasi zangu. Nikasema sharubu kwenye ukurasa wa tatu ni nne, zinatakiwa tano. Bwana Kuremoto akanishukuru kwa umakini wangu.

Aliyenitetea, nimshukuru Mungu wa pilipili, alikuwa Hachiya.

"Mimi sipingi sanaa," alisema akijipangusa kipaji cha uso. "Lakini huyu akifa, nina pakiti za kutosha kujaza meli, zote zina marehemu anayetabasamu. Nani atanunua kari ya matanga?"

"Watoto wanasahau haraka," alisema Bi Yasutomi.

"Watoto ndiyo. Lakini mama zao hawasahau, na mama ndiye anayeshika kikapu dukani."

"Unaweza kuweka utepe mweusi pembeni ya picha."

"Kwenye chakula, Bi Yasutomi?"

Wakabishana juu ya utepe mpaka wote wakakaukiwa makoo. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote chumbani na tena mwanamke, kwa hiyo kiu ya chumba kizima ilikuwa yangu kisheria. Nikashuka kwenye mashine ya vinywaji barabarani, nikakumbatia chupa za chai ya shayiri zilizokuwa baridi kama barafu. Wakati wote huo nilikuwa nikipanga hoja. Nikaipanga hoja ya kwanza vizuri sana, ya pili ikavunja ya kwanza. Nilipanda ngazi kichwa kikiwa kimejaa Mosuke, nikavua viatu, nikasukuma mlango kwa bega.

"Nimerudi," nikasema.

Mtu mwenye adabu haingii hivyo kwenye kikao cha kamati, na katika ofisi ya wenyewe. Huinamisha kichwa akasema samahani kwa kuwasumbua. "Nimerudi" ni neno la nyumbani, au la ofisi yako mwenyewe, kwa watu wako. Kulisema pale ni kama kuingia kwenye baraza la mawaziri umejifunga taulo.

Na wote tisa, bila mmoja kuinua kichwa kutoka kwenye mswada, wakajibu kwa pamoja:

"Umerudi."

Hata Kuremoto. Hata Bi Yasutomi wa saa mbili. Kuna mzee mmoja wa kampuni ya muziki ambaye nilikuwa nimeamini amelala. Naye alijibu, na kwa sauti laini kuliko wote.

Halafu wakasikia walichokisema. Vichwa vikainuka kimoja kimoja. Hachiya akawa mwekundu mpaka masikioni. Mimi nilibaki mlangoni na chupa zangu, maji ya ubaridi yakinitiririka kwenye mikono, nikafikiri: basi, wameona. Sasa hawana la kusema. Nimeshinda.

Kuremoto alikuwa ananitazama kama mtu anayemwona fisi maji kwa mara ya kwanza.

"Toka nje," alisema polepole. "Uingie tena. Sema tena vilevile."

"Mwongozaji?"

"Tafadhali."

Nikatoka. Nikaingia. "Nimerudi," nikasema, na safari hii Kuremoto alikuwa ameinua mkono wake, kiganja wazi, kuwazuia wote.

Hakuna aliyejibu.

Sijui kama umewahi kusikia chumba chenye watu tisa kikishindwa kujibu. Neno langu lilikaa pale katikati ya meza kama mtoto aliyesahauliwa shuleni. Mzee wa muziki alimeza mate. Bi Yasutomi alitazama saa ya kulia, kisha ya kushoto.

Hachiya ndiye aliyeshindwa. "Umerudi," alinong'ona, halafu akafunika mdomo. "Samahani. Limeniponyoka."

"Hapo," alisema Kuremoto. Alikuwa tayari anaandika. "Hapo hapo. Futeni filimbi. Futeni mke, binti, theluji. Futeni kurasa zote nne. Msafiri anafungua mlango, anasema nimerudi. Bakuli liko kaunta, limefutwa nusu. Hakuna mtu. Hakuna muziki." Akainua macho, yalikuwa yamelowa. "Bi Orihara, ulikuwa sahihi kabisa. Neno moja linatosha. Nisamehe kwa kutokuamini."

Akasimama, mbele ya kamati nzima, akaniinamia.

Unajua ni vigumu kiasi gani kumpiga mtu aliyeinama?

"Lakini anakufa," nilisema.

"Ndiyo," alisema kwa furaha. "Anakufa vizuri sasa."

Waliobaki walifanya ilivyo desturi ya watu walioguswa sana moyoni: walianza kubishana juu ya sekunde. Kuremoto alitaka ukimya wa sekunde kumi. Bi Yasutomi alieleza kuwa kwenye televisheni ukimya wa namna hiyo huhesabiwa kama hitilafu, na simu za kituo zingewaka moto.

"Weka hata chungu kichemke," alisema. "Nipe sauti, hata ndogo."

"Chungu," Kuremoto aliwaza. "Supu iliyo bado jikoni. Ya nani, sasa? Haya ni makubwa, Bi Yasutomi."

"Mimi nasema habari za simu tu."

"Makubwa sana."

Wakakubaliana sekunde sita na chungu. Hachiya akauliza, kwa sauti ya chini, kama ndani ya chungu hicho panaweza kuwa na kari.

Kipindi kilirushwa Jumamosi moja jioni. Sikukitazama, nilikuwa nimekikagua mpaka nakijua hata usingizini. Lakini dirisha lilikuwa wazi kwa ajili ya joto. Wakati ule wa sekunde sita nilisikia, kutoka ghorofa ya juu, ya chini na ng'ambo ya uchochoro, watoto na watu wazima wakijibu televisheni zao. Umerudi. Umerudi. Kama vyura baada ya mvua.

Nchi ikalia. Watu ambao kwa miaka yote walimpita Mosuke mbio kwenda kununua mishale waligundua kuwa alikuwa kama baba kwao. Mashabiki waliweka maua kwenye lango la studio, wakapanga mabakuli na vitambaa vya kufutia. Mtangazaji mmoja alishindwa kusoma utabiri wa hali ya hewa. Bwana Kuremoto alihojiwa akiwa na skafu nyeusi, akasema wazo lilimjia ghafla, akiwa anakunywa chai. Pakiti za kari ziliisha madukani ndani ya wikiendi moja, kwa sababu kila aliyetengeneza madhabahu ya Mosuke nyumbani alihitaji picha yake akitabasamu. Ikawa kari ya matanga kweli. Hachiya alinitumia katoni nzima na salamu za rambirambi.

Jumatatu yake nilimfuata Bwana Iwasa.

"Bosi, kwenye gemu tumwache. Katuni ni katuni. Huku aendelee kukaa."

"Orihara, mwanangu," alisema, naye akiniita mwanangu ujue jambo limeshaamuliwa, "watu wameomboleza. Wakiingia kwenye gemu wamkute mzima anafuta bakuli, tutaonekana tumewadanganya."

"Wengine hawakuomboleza. Wengine walikuwa bado wanamtumia."

"Wanamtumia kufanya nini?"

Kwa mara ya pili katika msimu mmoja niliulizwa swali ambalo jibu lake lilikuwa mimi. Iwasa akanisukumia mchoro wa chumba kipya. Kaunta tupu. Bakuli. Chungu kinatoa mvuke. Aproni imetundikwa kwenye msumari.

"Kagua," alisema kwa upole.

Nikakagua. Kiraka kilikuwa upande wa kulia. Nikashika kalamu nyekundu, nikakirudisha kushoto, nikaweka sahihi yangu chini. Mtu na azikwe na kiraka chake.

Toleo jipya lilishuka siku ya Jumatano. Nilifika nyumbani, nikavua viatu, nikasema "Nimerudi" kabla akili haijanikumbusha. Nikabonyeza kitufe hata hivyo. Mlango ukafunguka. Chungu kikachemka. Nikasimama pale na soksi zangu nikisubiri jibu ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimetia sahihi lisiwepo.

Ukuta ukagongwa. Mara moja tu.

"Bi Orihara."

Katika miaka yote hiyo mzee Nezu hakuwahi kusema neno kupitia ukutani. Nikausogelea. "Ndiyo, Bwana Nezu. Samahani kwa kelele."

"Hakuna kelele. Ndiyo maana nauliza." Akakohoa. "Yule bwana wako mwenye mafua. Leo hajaitika."

Ilinichukua muda kuelewa. Mzee wa watu alikuwa ameishi miaka akiamini nina mume ndani. Mume mgonjwa, mpole, asiyetoka nje wala kutupa takataka.

"Amekufa, Bwana Nezu."

Nikasikia akikaa chini, magoti yakilia. "Lini?"

"Kipindi cha tisa."



"Pole sana," alisema mwishowe. "Alikuwa mtu mstaarabu. Hakupayuka hata siku moja."

"Alikuwa fisi maji. Kwenye gemu."

Nikamsikia akilipima jambo hilo, kama anavyopima chupa na kopo kabla ya kuamua kila kimoja kiende mfuko gani.

"Kila mtu na wake," alisema. "Hata hivyo pole."

Usiku ule nilikula kari ya Hachiya. Pakiti ilisema pilipili kiasi, wala haikuwa kiasi.

Kesho yake niliwahi kutoka kazini. Nilikuwa jikoni nasuuza bakuli niliposikia ufunguo wa mzee Nezu. Mlango ukafunguka. Viatu vikavuliwa, kimoja, halafu kingine. Mfuko wa dukani ukawekwa chini. Kisha hakuna kitu. Alisimama pale mlangoni kwake, kama alivyosimama kila jioni tangu nihamie, bila kusema neno, kwa sababu yeye hakuwa na hata kitufe cha kubonyeza. Nilikuwa nimeisikia sauti hiyo ya kutosema mara nyingi mno. Sikuwahi kuihesabu kama sauti.

"Umerudi," niliuambia ukuta.

Sekunde sita, nadhani. Bi Yasutomi angejua zaidi.

"Nimerudi," alisema mzee Nezu, sauti imekauka kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. Akasafisha koo. "Na leo ilikuwa Alhamisi. Chupa zako zilikuwa bado mlangoni."

"Nimesahau, Bwana Nezu."

"Najua umesahau," alisema. "Nimekutolea."